Namba 15,000 za watu wasionijua: kuna ubaya gani nikiwatumia tangazo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina duka la mashuka, mapazia na vyombo vya nyumbani hapa Morogoro. Biashara imepoa. Kuna kijana amenijia na orodha ya namba za simu 15,000 za watu wa Morogoro na Dodoma, pamoja na anwani za barua pepe za watumishi wa ofisi mbalimbali. Anauza vyote kwa laki moja na nusu na atanisaidia kutuma tangazo kwa mkupuo. Ameshanitumia namba 50 za mfano, zina na majina. Mume wangu anasema si vizuri, ila nikimuuliza ubaya uko wapi hana jibu. Mimi siibi, sidanganyi, bidhaa ninazo. Kampuni za simu zenyewe zinatutumia matangazo kutwa. Asiyetaka si anafuta tu? Naomba unieleze, kijana anataka jibu Ijumaa.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nakushauri usinunue. Na kwa kuwa mumeo ameshakwambia hivyo bila sababu, nitakupa sababu, maana hoja zako zinastahili kujibiwa. Muuza duka mwenye bidhaa halali ana haki ya kutaka watu wajue kuwa yupo. Kutangaza si kosa. Ninachokataa ni mambo mawili: anayebeba gharama ya tangazo lako hajaulizwa, na hizo namba mwenyewe hakuzitoa ziuzwe.

Nianze na hilo la "anafuta tu", kwa sababu ndilo linalowashinda wengi. Tuseme kushika simu, kusoma mstari wa kwanza na kufuta kunachukua sekunde tano. Kwa watu 15,000 hizo ni sekunde 75,000, yaani karibu saa 21 za maisha ya watu, na wewe hukuzilipia hata senti. Ukitaka kutangaza redioni, unalipa. Ukikodi gari la matangazo lizunguke mitaani, unalipa dereva, mafuta na kipaza sauti. Gharama hizo ndizo zinazokufanya ujiulize: je, hawa ninaowatangazia watanunua kweli? Kwenye ujumbe wa mkupuo swali hilo halipo, kwa sababu kumfikia mtu mmoja zaidi hakukugharimu karibu chochote. Anayegharamika ni yeye.

Wanauchumi wawili, Justin Rao na David Reiley, waliipigia hesabu hali hii mwaka 2012 kwa upande wa barua pepe. Walikadiria kwamba kampuni na watu wa Marekani hupoteza kama dola bilioni 20 kwa mwaka kwa sababu ya barua taka, yaani barua pepe zisizoombwa zinazotumwa kwa mkupuo: muda wa kufuta, mitambo ya kuchuja, watu wa kuihudumia. Wale wanaozituma, pamoja na wafanyabiashara ambao bidhaa zao zinatangazwa humo, walikadiriwa kuvuna kama dola milioni 200 dunia nzima. Maana yake, ili mtumaji aingize dola moja, wengine wanapoteza kama dola mia. Waandishi hao walilinganisha na hasara inayoletwa na wizi wa magari, wakakuta barua taka ni mbaya zaidi kwa kipimo hicho. Mwizi wa gari naye huleta hasara kubwa kuliko anachokipata, lakini si kwa kiwango hicho.

Na mavuno yenyewe ni haba mno. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walifanikiwa kujipenyeza ndani ya mtandao wa kompyuta zilizotekwa na wahalifu, mtandao uliokuwa ukirusha barua taka za kutangaza dawa. Waliweka duka la dawa la bandia lisilochukua fedha ya mtu, wakahesabu. Katika siku 26 zilitumwa barua pepe karibu milioni 350. Waliofika hatua ya kutaka kununua walikuwa 28. Nakuomba uitazame hesabu hiyo kwa upande wa pili: mamilioni na mamilioni ya watu walisumbuliwa ili wapatikane wateja wanaoenea kwenye daladala moja.

Utasema: mbona wapo waliofanikiwa? Ni kweli wapo. Mwezi Mei 1978, Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, aliwatumia watu karibu 400 tangazo moja kwa mkupuo kupitia ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Wengi wanaihesabu hiyo kuwa barua taka ya kwanza. Alilalamikiwa sana na kukemewa, lakini yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba kampuni yake iliuza kompyuta za mamilioni ya dola kwa sababu ya tangazo lile. Siku ile ilifaa kwa sababu alikuwa peke yake. Hakuna mpokeaji aliyekuwa na tangazo jingine la kusoma. Njia hii inamlipa wa kwanza kwa sharti kwamba wengine wasiige, na wewe, dada yangu, si wa kwanza. Kijana huyo hajakuuzia wewe tu. Tuchukulie maduka 200 ya Morogoro na Dodoma yamenunua orodha ileile na kila moja linatuma ujumbe mmoja tu kwa wiki, kwa adabu kabisa. Kila mtu kwenye orodha anapokea karibu jumbe 29 kwa siku. Hakuna duka hata moja lililokosa kiasi, na bado maisha ya mpokeaji yameharibika. Ndiyo maana kipimo cha haki hapa hakiwezi kuwa ujumbe wako mmoja. Uulize kama ungevumilia kila mwenye duka afanye unachotaka kufanya, simu ikiwa yako.

Sasa nije kwenye madhara ambayo hayaonekani kwa kuhesabu sekunde, na kwangu mimi ndiyo mazito.

Fikiria ujumbe wako unaingia kwenye simu ya nani, na humo unakuta nini. Mtanzania gani hajapokea "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nani hajaandikiwa kwamba ameshinda bahati nasibu ambayo hakucheza, au aitwe kujiunga na Freemason apate utajiri? Humohumo ndimo zinamoingia tokeni za umeme wa LUKU, ujumbe wa kuthibitisha muamala, tarehe ya kliniki, taarifa ya shule kuhusu mtoto. Mzee anayetumia kitochi chenye nafasi ndogo, kikijaa matangazo, ujumbe mpya hauingii mpaka afute, na katika kufuta kwa haraka anafuta na muamala aliotakiwa kumwonyesha wakala. Mwingine ameshaamua kwamba namba asiyoijua hapokei, basi. Siku daktari anapopiga, au jirani anapopiga kwa simu ya kuazima kusema mama ameanguka, simu inaita mpaka inakatika.

Huko kutoaminiana ni hasara ya wote, na hakuna mtu mmoja unayeweza kumdai. Matapeli wanaichuma imani ya watu, lakini mfanyabiashara mwaminifu anayeingia kwa mlango uleule naye anaipunguza, kwa sababu mpokeaji hana namna ya kuwatofautisha. Jina hulijui, hukumpa namba, anakutajia punguzo la leo tu, anakuhimiza upige upesi. Hivyo ndivyo tapeli anavyoandika. Tangazo la mashuka yako mazuri litasomwa hivyohivyo.

Halafu wapo wanaoumia kuliko wengine. Kwa mtu mwenye kazi yake na afya yake, tangazo asilolitaka ni kero tu. Kwa aliyejitahidi kuacha kubeti, ujumbe wa saa mbili usiku unaomwambia ana dau la bure ni mtego. Mwenye madeni anatumiwa mkopo wa dakika tano bila dhamana. Mwenye kisukari anatumiwa dawa ya mitishamba ya kumponya kabisa, aache vidonge vya hospitali. Mama aliyepoteza ujauzito anaendelea kupokea matangazo ya nguo za vichanga kwa sababu namba yake iliingia kwenye orodha fulani akiwa na miezi minne, na hakuna aliyemuuliza tena. Mtumaji hakukusudia kumuumiza hata mmoja. Lakini aliyechagua kutuma kwa watu asiowajua amechagua pia kutojua anamgonga nani.

Kwa matapeli hali ni mbaya zaidi, maana wao kuwapata wanyonge ndiyo shabaha. Mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliandika mwaka 2012 kuhusu barua za kitapeli ambazo uongo wake uko wazi hata kwa mtoto, akauliza kwa nini hawaandiki uongo wa kuaminika zaidi. Jibu lake lilikuwa kwamba uongo wa wazi unawachuja watu mapema. Wajanja wanajiondoa wenyewe, na tapeli anabaki na wachache wanaoamini kwa urahisi, ambao kuzungumza nao saa nzima kutamlipa. Kwa hiyo tunapocheka na kusema "nani anaweza kudanganywa na upuuzi huu?", tunawasema vibaya watu walewale waliotafutwa kwa makusudi.

"Lakini mimi nauza mashuka, si tapeli." Kweli kabisa. Ila laki moja na nusu yako inakwenda kwa nani? Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko pengine pote. Kijana anayekuuzia orodha hii wiki hii, wiki ijayo anamuuzia mwingine, na hatamuuliza ana nia gani. Umesema zile namba 50 zina na majina. Orodha ya namba yenye majina ndiyo malighafi ya tapeli: anapiga, anakuita kwa jina lako kamili, anajua uko Morogoro, na tayari umeanza kumwamini. Wewe utakuwa mmoja wa waliofanya kazi ya kukusanya na kuuza namba iwe na faida.

Na zilitoka wapi? Sijaiona orodha yako, lakini njia za kawaida zinajulikana: daftari la wakala wa fedha, kitabu cha wageni cha nyumba ya kulala, karatasi ya mahudhurio ya semina, fomu ya kuomba kazi, daftari la mlinzi getini, picha ya skrini ya kundi la WhatsApp. Kila mmoja aliandika namba yake kwa jambo moja. Aliyeiandika getini aliiandika aruhusiwe kuingia. Hakusema iuzwe. Muulize dada yeyote atakwambia lililomkuta baada ya kuacha namba kaunta: kabla hajafika nyumbani ameshaandikiwa na mwanamume asiyemjua, na usiku anaandikiwa tena, na akinyamaza anatukanwa. Wengine wamebadilisha laini, wakapoteza na wateja wao wa zamani. Hayo na orodha ya 15,000 yana shina moja, nalo ni kuiona namba ya mtu kama mali ya yeyote aliyeipata.

Kenya wamepita kwenye jambo hili kwa uchungu na sisi tunafuata. Programu za mikopo zilikuwa zikisoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji, kisha akichelewa kulipa wanaandikiwa bosi wake, shemeji zake, mchungaji wake. Watu ambao hawakukopa walitishwa kwa deni la mwingine. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini humo iliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma jumbe na kupiga simu za vitisho. Hapa kwetu, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Kwa upande wa sheria sitakuchosha, ila usije ukasema sikukwambia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inakataza kutuma matangazo ya biashara kwa mtu asiyeyaomba, isipokuwa amekubali, na ujumbe umtaje mtumaji na kusudi lake mwanzoni kabisa, na umpe mpokeaji njia ya kukataa usiendelee. Ipo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yenye Tume yake ya kupokea malalamiko. Namba ya simu yenye jina ni taarifa binafsi. Ukiinunua orodha hiyo, wewe ndiye utakayeulizwa uliipataje, na kijana wako siku hiyo hatapatikana hewani.

Kuhusu kampuni za simu, nakubaliana nawe kwamba zinachosha, na nimewaambia wahusika hivyo kila nilipopata nafasi. Lakini tofauti ipo: una mkataba nazo, unajua zilipo, na unaweza kudai uondolewe kwenye matangazo yao, na wakikataa una TCRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ya kuwashtakia. Wale 15,000 hawana wa kumshtakia ila namba ngeni. Na hata kama kampuni hizo zinakosea, kosa la mkubwa halijawahi kuwa kibali kwa mdogo.

Nijibu na jambo ambalo hukuliuliza lakini najua litakuja: makundi ya michango ya harusi. Nayo yanatuunganisha bila kutuuliza, na wengi tunakereka. Hata hivyo siyaweki fungu moja na orodha ya kununua. Anayekuunganisha anakujua, kesho atachangia msiba wako, na ukitoka kwenye kundi mtakutana mezani akuulize kulikoni. Kuna uhusiano unaobeba ule usumbufu. Ningependa tu watu wajifunze kuuliza kwanza kabla ya kumwingiza mtu, hasa katika makundi yenye watu 300 ambapo namba ya binti yako inaonekana na kila mtu.

Sasa ufanye nini, maana biashara imepoa na kodi ya fremu haisubiri?

Naamini una daftari la wateja, au angalau miamala ya waliokulipa kwa simu. Aliyenunua kwako ni mtu tofauti kabisa na wale 15,000. Sheria ileile ya 2015 inamtambua: mawasiliano yaliyopatikana katika kuuziana yanaweza kutumika kumtangazia bidhaa zinazofanana, mradi ulimpa nafasi ya kukataa ulipochukua namba, na unampa nafasi hiyo tena katika kila ujumbe. Kwa hiyo kuanzia leo, mteja anapolipa, muulize: "Dada, mzigo mpya ukiingia nikujulishe? Kwa ujumbe wa kawaida au WhatsApp?" Akisema hapana, mshukuru, na usimwandike. Akisema ndiyo, andika jina, namba na alichonunua. Kwa wateja wa zamani ambao hukuwahi kuwauliza, usianze na tangazo. Subiri warudi dukani uwaulize ana kwa ana.

Kwenye WhatsApp usiunde kundi. Tumia ule utaratibu wa orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, ambapo kila mtu anaupata peke yake bila kuona namba za wenzake. Uzuri wake ni kwamba unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo idhini iko ndani ya mtambo wenyewe. Weka mapazia mapya kwenye stetasi kila mzigo unapofika, atazame anayetaka. Usitume video nzito, watu wananunua bando kwa fedha yao. Tuma mchana, si alfajiri wala usiku wa manane, na mara mbili kwa mwezi zinatosha kwa biashara ya mashuka, kwani hakuna anayebadilisha mapazia kila wiki.

Ujumbe wenyewe uandike hivi: "Ni Mama wa duka la mashuka, Morogoro. Uliniambia nikujulishe mzigo ukifika. Mashuka ya sita kwa sita yameingia leo, bei kuanzia shilingi kadhaa. Usipopenda kupokea tena, nijibu HAPANA." Akijibu HAPANA, mfute siku hiyohiyo na usimuulize kwa nini.

Hizo barua pepe za watumishi wa ofisi ndizo usiziguse kabisa. Mitambo ya barua pepe hutazama mwenendo wa mtumaji. Wapokeaji wengi wakibonyeza kwamba barua yako ni taka, mitambo hiyo inaanza kuzitupa barua zako zote pembeni, pamoja na ankara utakayomtumia mteja halali aliyeagiza mapazia ya hoteli nzima. Utakaa ukisubiri malipo, na yeye hajaiona.

Ile laki moja na nusu ipeleke kwenye tangazo la redio ya hapo Morogoro, au kwenye bango zuri la dukani lenye namba yako kubwa, au kwenye punguzo kwa mteja wa zamani atakayemleta jirani yake akanunua. Litakuletea watu wachache kuliko ndoto ya 15,000, lakini watakuja wakijua wanakuja kwa nani.

Kuhusu Ijumaa, usisubiri Ijumaa. Mwambie kijana leo kwamba hununui, na mwambie sababu, huenda hajawahi kuambiwa na mtu. Kisha zifute zile namba 50 alizokutumia. Usijaribu hata moja "kuona kama zinafanya kazi", na usimtumie mwenzako mwenye duka la jirani hata akikuomba azione. Ukimwona kijana anaendelea kuuza majina ya watu mjini, ipelekee Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi malalamiko kwa maandishi. Na jumbe za kitapeli zinazoingia kwenye simu yako mwenyewe, zitume 15040 pamoja na namba iliyokuandikia, halafu piga *106# uangalie kama kuna laini yoyote iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ambayo huijui.